Kiziba Mbili: Historia Fupi ya Sisi Ndani ya Magemu

Ndugu wa mashirika mnaosoma insha zetu kimya kimya bila kuandika chochote, tunajua mpo.

Zamu ya insha imenifikia mimi na mada ni historia. Najua wengine mlitegemea niandike juu ya Mkutano wa Berlin au wafalme wa zamani. Mtanisamehe. Nitaandika historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakishika mkononi mara nyingi kuliko kitabu: gemu. Sizungumzii mpira, mpira kila mtu anaucheza. Nazungumzia magemu ya hadithi na mapigano, yale yenye steringi na maadui, ambayo ukimaliza unabaki umekaa kimya unaangalia majina yanapita kwenye skrini.

Mimi nimezaliwa kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi. Mnaoifahamu mnajua: ile ya juu mlimani, upande wa Ziwa Kivu, iliyopo tangu 1996. Wazazi wangu walitoka Masisi. Tulipohamia Kigali nilikuwa nimeshakuwa kijana, na huku Nyamirambo nikagundua vyumba vya PlayStation. Unalipia kwa mechi au kwa muda, unakaa kwenye benchi, unasubiri padi ifike kwako. Mchana watu wakiwa wachache, mwenye chumba alikuwa anatuachia tucheze magemu marefu kwa bei ya huruma.

Siku moja, mdogo wangu akiwa pembeni yangu, nilikuwa nacheza Metal Gear Solid V, gemu la Wajapani lililotoka 2015. Hadithi yake inapita Afghanistan, halafu inahamia Afrika, mpakani mwa Angola na Zaire, mwaka 1984. Nikafungua ramani nitafute njia. Macho yakagota kwenye jina moja: Kiziba Camp.

Nilipiga kelele hadi mwenye chumba akaja kuangalia kama nimevunja kitu. Yaani, Kiziba! Mdogo wangu akauliza, "Yaya, ni kwetu?"

Hapana, si kwetu. Ile ni kambi ya askari wa kukodiwa, ya kubuni, na imefanana na yetu kwa jina tu. Unaingia usiku kwa kutambaa, unamkaba askari shingo, halafu unamfunga puto mgongoni, linamnyanyua moja kwa moja mpaka mawinguni anapelekwa kwenye kambi yako. Nilipomhadithia mama habari ya lile puto, alicheka sana. Akasema, "Mimi ningekubali nifungwe hilo puto. Hakuna mahojiano, hakuna kusubiri kupigiwa simu?" Waliosubiri kuhamishiwa nchi ya tatu miaka kumi wameelewa.

Lakini swali la mdogo wangu halikuniacha. Nikaanza kujiuliza: sisi tumeonekana wapi kwenye magemu, na tulionekana kama nani? Haya niliyoyapata nimeyapata kwa kucheza, kwa kuangalia watu wakicheza mtandaoni, na kwa kusoma.

Kwanza: lugha yetu ilifika kabla yetu

Kiswahili kiliingia kwenye magemu makubwa kwa mlango mzuri. Mwaka 2005 lilitoka Civilization IV, gemu la kujenga dola kutoka enzi za mawe mpaka enzi za roketi. Wimbo wake wa kufungulia unaitwa "Baba Yetu". Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na muziki aliutunga Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata. Fikiria: sala tunayoisali Jumapili imewafikia watu ambao hawajui hata Kiswahili kinaongewa wapi.

Mlango wa pili haukuwa mzuri. Machi 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Steringi ni mzungu anayeitwa Chris Redfield, anafika mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, Afrika ya Magharibi, anakuta wenyeji wameingiliwa na vijidudu vinavyowageuza kuwa wauaji. Viumbe hao wanaitwa Majini. Ndiyo, majini, wingi wa jini. Na wakipiga kelele, kuna wakati wanapiga kelele kwa Kiswahili, ingawa pale ni Afrika Magharibi ambako Kiswahili si lugha ya watu.

Trela yake ya 2007 ilileta ubishi mkubwa Marekani na Ulaya: mzungu mwenye bunduki anafyatulia umati wa watu weusi wa kijijini. Waliotetea walisema ni gemu la kutisha tu, kila toleo lina sehemu yake na maadui wake. Mimi siandiki kurudia ubishi huo. Nataka kusema kitu kimoja ambacho wale wabishi wengi hawakuweza kukisikia. Mchezaji wa Tokyo au wa Chicago anasikia kelele za mazimwi. Sisi pale Nyamirambo tulikuwa tunasikia maneno. Jamaa mmoja kwenye benchi alianza kuwajibu. Tulicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha taratibu, maana lugha uliyofundishwa kuombea chakula inatoka kinywani mwa mtu ambaye lazima umpige risasi ya kichwa ili uendelee.

Pili: Afrika ya mamluki

Miezi michache kabla ya hilo, Oktoba 2008, tawi la Ubisoft la Montreal lilitoa Far Cry 2. Hapa nchi haina jina. Ni Afrika, kuna makundi mawili ya waasi, kuna almasi, kuna muuza silaha anayeitwa Jackal, na wewe ni mamluki uliyetumwa kumuua. Una malaria. Katikati ya mapigano macho yanafifia, mikono inatetemeka, lazima umeze dawa. Mimi niliyekulia kambini naweza kusema: ni moja kati ya magemu machache yaliyonionyesha ugonjwa ninaoujua.

Kitu cha ajabu ni kwamba nchi nzima inaungua na huwaoni raia karibu kabisa. Barabara zina askari, vijiji vina askari. Raia wapo wachache, wamefichwa kwenye nyumba za siri. Ukiishiwa dawa unawapelekea karatasi za safari ili watoroke nchi, na wao wanakupa vidonge. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilisimamisha gemu. Karatasi kwa dawa! Waliotengeneza hilo huenda hawakujua wamegusa nini kwetu. Sisi tunajua karatasi moja inaweza kuwa na uzito gani mpakani.

Na mwisho wake unahusu mpaka. Mwanya mmoja wa kutorokea umebaki, mtu mmoja anapeleka almasi kuwahonga walinzi ili raia wapite, mwingine analipua njia nyuma yao ili wasifuatwe. Raia wanavuka. Lakini hadithi haiwafuati ng'ambo. Mamluki amekufa, na gemu limeishia hapo. Kwetu sisi hapo ndipo gemu linapoanza.

Hilo la Kiziba, Metal Gear, lilijaribu kwenda mbali kidogo. Ndani yake kuna watoto askari kwenye mgodi wa almasi, na ukimuua mtoto, umeshindwa papo hapo. Huwezi kusema nilikosea, hakuna kisingizio. Kwa gemu ambalo kazi yake ni kupigana, hiyo ni sheria nzuri kuliko ya vikundi vingi vya kweli.

Tatu: magemu ya huruma

Wakati makampuni makubwa yanauza mamluki, kulikuwa na watu wengine wanatengeneza magemu madogo ya kufundisha. Ndugu wa mashirika, hapa mnahusika.

Mwaka 2005 UNHCR ilitoa nchini Sweden gemu la intaneti lililokuja kujulikana kwa Kiingereza kama Against All Odds. Unakuwa mkimbizi: kwanza unakimbia nchi yako, halafu unafika nchi ya jirani, halafu unaanza maisha mapya ugenini. Mwaka 2006 timu ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Southern California, ikiongozwa na Susana Ruiz, ilitoa Darfur is Dying. Unachagua mtu wa familia akachote maji nje ya kambi. Unakimbia na dumu, unajificha vichakani, na wanamgambo wenye magari wakikukamata, ndiyo basi.

Kutoka chuo hicho hicho lilitoka pia Hush, gemu dogo kuhusu hapa Rwanda, mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wewe ni mama uliyejificha na mtoto mchanga. Unabonyeza herufi kwa mdundo wa wimbo wa kubembeleza ili mtoto asilie. Ukikosea mdundo, mtoto analia, na walio nje wanasikia. Hakuna bunduki mkononi mwako. Tunaoishi Kigali, ambao kila Aprili tunawaona majirani zetu wanavyobeba kumbukumbu ile, tunaelewa kwa nini gemu la namna hiyo halipaswi kuchezwa kwa haraka haraka.

Nayaheshimu magemu haya. Lakini yana kasoro moja ya pamoja: yalitengenezwa ili mtu wa mbali atuonee huruma. Mchezaji anayefikiriwa ni mwanafunzi wa Stockholm au Los Angeles. Mimi nikilicheza lile la dumu la maji, sijifunzi kitu. Nimeshachota.

Lililobadilisha mambo kwa upande wangu ni This War of Mine la 2014, kutoka Poland. Waliolitengeneza walichota mawazo kwenye mzingiro wa Sarajevo, ulioanza 1992 na kudumu karibu miaka minne. Wewe si askari. Ni raia wachache ndani ya nyumba iliyobomoka. Mchana unapika, unaziba matundu, unalala kwa zamu. Usiku mmoja wenu anatoka kutafuta chakula. Kuna nyumba ya wazee wawili, mtu na mkewe, wana chakula na dawa. Ukiwaibia hakuna wa kukuzuia. Lakini ukirudi, aliyeiba anaanza kuzama kwenye huzuni, wenzake nao wanaumia. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuliweka gemu hilo kwenye orodha ya vitu vya kusomwa shule za sekondari, kama vitabu.

Nilimwonyesha baba sehemu ile ya wazee. Baba hachezi gemu, anasema ni kupoteza umeme. Safari hii alikaa. Akauliza, "Hao wazee unawafanyaje?" Nikasema, naweza kuchukua au kuacha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Sisi tulichukua." Sikuwahi kusikia habari hiyo. Usiku ule alinisimulia safari yao ya kutoka Masisi kwa mara ya kwanza: nyumba waliyoikuta, mihogo waliyoila, na bibi mwenye mihogo aliyekuwa amejifunika blanketi anawaangalia. Miaka yote hiyo nilikuwa najua tarehe tu.

Nne: mashine yenyewe

Hapa inabidi niseme kitu kigumu kidogo. Siingii kwenye siasa za nani anachimba na nani anauza, kundi letu lina sheria zake na ninaziheshimu. Nasema historia ya kifaa.

Ndani ya simu, kompyuta na mashine za gemu kuna vitu vidogo vya kutunza chaji vinavyoitwa kapasita. Nyingi zilitengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu inatoka kwenye koltani. Mwaka 2000 dunia iliitaka kwa pupa: simu za mkononi zilikuwa zinaenea, kompyuta zinaongezeka, na PlayStation 2 iliingia sokoni Japani mwezi wa tatu mwaka huo. Bei ya tantalamu ilipanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi, halafu 2001 ikaporomoka. Baadaye kuna walioandika kwamba ile ilikuwa "vita ya PlayStation". Tuwe wakweli: vita vya Kongo vilianza 1996, vikaanza tena 1998, kabla ya mashine hiyo kuwepo. Mashine haikuwasha moto. Lakini bei ile ilibadilisha maisha ya vijiji.

Baba yangu mdogo alibaki Masisi. Mwaka 2000 aliacha maharage shambani akaenda kuchimba, kama vijana wengi. Mwaka uliofuata udongo ulimfunika. Mimi sikumjua. Namjua kwa picha moja, amevaa shati la mistari.

Mwaka 2011 kikundi kinachoitwa Molleindustria kilitoa gemu la simu, Phone Story. Sehemu ya kwanza, wewe ndiye msimamizi unayewalazimisha watoto kuchimba koltani Kongo, na unafanya hivyo ukiwa umeshika simu yenyewe. Apple waliliondoa kwenye duka lao muda mfupi baada ya kutoka. Mwaka mmoja kabla, sheria ya Marekani iliyoitwa Dodd-Frank ilikuwa imeyataka makampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo au nchi za jirani. Kwa hiyo nikishika padi, nashika kitu chenye historia. Siachi kucheza. Ila sichezi tena kama mtu asiyejua.

Tano: walioshika kalamu

Sasa habari njema. Lual Mayen ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda kwa zaidi ya miaka ishirini. Mama yake alijinyima miaka mitatu akakusanya dola 300 kumnunulia kompyuta. Umeme haukuwepo, alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuchaji. Kwa maelezo yake mwenyewe, kuliona Grand Theft Auto: Vice City ndiko kulikomfanya afikirie kutengeneza gemu, lakini la amani. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza Salaam, ambamo unakimbia vita na lazima utafute maji, chakula na dawa. Baadaye akaenda Marekani, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na 2018 akatunukiwa kwenye The Game Awards mbele ya dunia nzima.

Msyria Abdullah Karam naye alitengeneza Path Out huko Austria, likatoka 2017. Ni safari yake mwenyewe ya kutoroka, na yeye anatokea kwenye kona ya skrini akikutania unapocheza vibaya. Ukifa anakuambia kwamba yeye hakufa hapo. Ucheshi wa namna hiyo mtu wa nje hawezi kuuandika. Angeogopa.

Na Cameroon, studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion mwaka 2016. Ni hadithi ya mfalme kijana aliyepinduliwa siku ya kutawazwa na kuoa, akaingia uhamishoni na mkewe kutafuta nguvu za mababu. Angalia vizuri: linaanza na sherehe.

Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kumalizia. Baada ya haya yote, mimi na mdogo wangu tulichukua daftari tukaanza kuchora gemu letu. Levo ya kwanza foleni ya maji, levo ya pili kuezua hema wakati wa upepo, levo ya tatu kusubiri simu. Tulikuwa tunacheka. Mama akapita, akaangalia, akasema: "Mbona mmeanza kambini? Anzeni nyumbani. Mkianza kambini watu watadhani tulizaliwa wakimbizi."

Nikamjibu, "Lakini mama, sisi tulizaliwa wakimbizi." Akasema, "Ndiyo maana anzeni nyumbani. Niulizeni."

Nikarudi kwenye orodha yangu. Far Cry 2, Darfur is Dying, Hush, This War of Mine: yote yanaanza vita ikiwa imeshafika. Kabla ya hapo sisi hatupo. Hatuna ng'ombe, hatuna harusi, hatuna jirani wa kugombana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mtu ambaye hana "kabla" ni rahisi kumwonea huruma na ni rahisi pia kumpiga risasi, maana pande zote mbili anaonekana hana kitu cha kupoteza isipokuwa uhai.

Kwa hiyo ombi langu kwa kundi ni dogo. Bado hatujui kutengeneza gemu, na kompyuta ni chache. Lakini kazi ya kwanza haihitaji kompyuta. Kila mmoja amuulize mzazi, bibi, au mkubwa yeyote wa nyumbani swali moja: siku ya kawaida kabla ya kukimbia ilikuwaje? Mlikula nini asubuhi, nani alikamua ng'ombe, nani alikuwa mchekeshaji wa kijiji? Mrekodi kwa sauti, Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa, vyovyote mnavyoongea nyumbani. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, wengine kwa ndege, wengine kwa jeneza. Na ndugu wa mashirika, siku mkija na mradi wa gemu la wakimbizi, tutafurahi sana. Mtukute tukiwa na levo ya kwanza tayari.

Mimi nimeshaanza. Levo yangu ya kwanza ni Masisi, asubuhi, kuna ukungu. Baba yangu mdogo amevaa shati la mistari, anatafuta ndama aliyepotea. Hakuna adui. Kazi ni kumpata ndama kabla jua halijawa kali.

Mdogo wangu anasema levo hiyo ni rahisi mno. Nimemwambia iache hivyo hivyo.